Herufi Nono za Baba

Mwezi uliopita nilikwenda kuchapisha bango la kilio cha baba yangu. Kijana wa duka la kompyuta alikwisha kuweka picha yake katikati, ilibaki kuandika jina tu. Akaniuliza nataka herufi za namna gani. Nikamwambia achague yeye, maana macho yangu yalikuwa yamevimba na sikuona vizuri. Akashusha orodha kwenye skrini, akabonyeza moja, na jina la baba likajitokeza kwa herufi nene za mviringo, hazina pembe wala mikia, zimejaa kama mandazi yaliyoumuka.

"Hizi njo nzuri, mama," akasema. "Hata mutu mwenye kuwa mbali anaziona."

Nikamwambia azitoe. Nadhani nilisema kwa ukali, kwa sababu alinitazama kwanza, kisha akaweka nyembamba za kawaida bila kuniuliza tena. Hakuwa na kosa lolote. Angejuaje kwamba aliyekuwa kwenye picha ndiye aliyezichora herufi za namna hiyo kwa mkono, kwenye nusu ya kuta za Mabanga, mtaa wetu wa Goma, kabla yeye hajazaliwa, na kwamba siku moja aliziacha na hakuzigusa tena mpaka kufa kwake?

Sisi tuliokulia Mabanga kabla kila duka halijapata bango la plastiki tulijifunza kusoma kwenye mbao za nyumba za watu. Mwalimu alitupa silabi, lakini maneno yenyewe tuliyakuta njiani: HAPA TUNASAGA MUHOGO, SALON YA KISASA, USIKOJOE HAPA. Mengi ya maneno hayo yalikuwa ya baba. Alipiga uzi uliopakwa unga wa makaa ili kupata mstari, akachora umbo la herufi kwa kipande cha kaa, kisha akaijaza rangi iliyolegezwa kwa petroli katika kopo la maziwa ya unga. Mistari yake ilikuwa na unene mmoja kuanzia juu hadi chini, na kila mwisho aliuzungusha kwa ncha ya burashi mpaka ukawa laini kama kidole gumba. Aliziita nono. Nilipomuuliza kwa nini hachongi pembe kama waandishi wengine, alinijibu bila kuinua macho: "Herufi ya pembe inagombana na mutu. Hii haigombane."

Nilimwamini, na kwa muda mrefu nilidhani herufi zake ni viumbe wema. S yake nilikuwa naipenda kuliko zote. Tumbo lake la chini lilikuwa kubwa kuliko la juu, kwa hiyo ilikaa vizuri, haikuelekea kuanguka. Nilizifanyia mazoezi kwa makaa juu ya mawe meusi ya uzio wetu, yale mawe ya volkano yanayokwaruza vidole, na mvua ikaja ikafuta, nami nikaandika tena. Baba hakunifundisha. Alisema hiyo ni kazi ya kuchafua nguo, na mtoto wa kike mwenye akili kama zangu atakaa ofisini. Basi nikajifunza kwa kumwibia kwa macho.

Kulikuwa na maneno mengine aliyoyaandika kwa rangi nyekundu peke yake. Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wengine wajue: familia zikigombania urithi, au ndugu mmoja akitaka kuuza nyumba kwa siri, wenzake humwita mwandishi, naye huandika kwenye ukuta unaotazama njia, NYUMBA HII HAIUZISHWI. Mnunuzi akiona hivyo haulizi mengi, anageuza. Na kufuta hakusaidii, kwa kuwa ukuta uliopakwa upya unasomeka vibaya zaidi. Watu husema hapo pana kesi na kuna mtu anaificha. Baba aliandika maneno hayo kwa herufi zake zilezile nono. Zilizokwambia njoo ununue sukari ndizo zilizokwambia potea hapa, na sura yao ilikuwa ileile ya kuchekacheka.

Siku moja nilimuuliza maneno yale yanafanya nini. Alikuwa anasafisha burashi, akasema, "Nyumba ikishaandikwa vile, haitoke tena mu mikono ya benyewe." Kichwa changu cha mtoto kiliigeuza sentensi hiyo kikaielewa kwa njia yake. Nilikwisha kuona kwamba kila nyumba aliyoiandika baba, watu wake walibaki. Miaka inapita, rangi inachujuka, wao wako palepale wanapika, wanagombana, wanazaa. Nikajua kwa hakika kabisa kwamba herufi zile zinafunga watu nyumbani kwao.

Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa Mama Paluku, mjane aliyekuja kutoka Butembo na mumewe, akabaki peke yake na watoto watatu. Alikuwa anauza maharage sokoni. Kifungua mimba wake, Paluku, alikuwa kijana wa sauti iliyoanza kukatika, mrefu kuliko mlango wao. Kisha Masika, rika langu, halafu mdogo wao wa mgongoni. Masika alikuwa rafiki yangu wa pekee. Nasema wa pekee kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, na watoto wengine walichoka nami mapema.

Ulikuwa ni wakati mbaya. Sisi watoto tulijua hivyo kwa kutazama vitu vidogo. Kabichi za Kibumba ziliadimika, na mama yangu alisema kabichi zikikosa ujue barabara haiko salama. Mlima wetu wa volkano ulikuwa mwekundu kileleni kama siku zote, lakini hakuna aliyeuinulia macho. Watu wazima walitazama barabara. Gari la wazi lenye watu wa bunduki lilikuwa linapita mitaani asubuhi, polepole, na likishapita mama mmoja alilia mahali fulani. Walikuwa wanachukua wavulana. Majina ya watu wale hatukuyataja wakati ule, na mimi sitaanza leo.

Paluku aliacha kwenda shule. Aliacha hata kukaa barazani. Nilikuwa nasikia dari yao ikilia mchana, nikadhani ni panya wakubwa, na nilipomwambia Masika kwamba nyumba yenu ina panya, alinitazama, akanivuta tukacheze mbali. Leo najua alikuwa kaka yake, amelala juu ya mbao za dari akisubiri jua lizame.

Ijumaa moja Masika alinivuta nyuma ya choo chao. "Usiambie mutu," akasema. "Tunaenda Butembo."

"Kutembea?"

"Kubaki. Mama anauzisha nyumba. Kuko papa mumoja wa lori, anatoka kulekule, anatafuta nyumba ya huku Goma. Dimanche kisha messe anakuja kuiangalia. Akiipenda, lundi tunapanda lori yake, shiye bote, na Paluku tunamuficha mu magunia."

Maneno ya mwisho aliyasema kwa sauti ndogo sana, na mimi sikuyashika. Nilishika Butembo tu, na kwamba mnunuzi anakuja Jumapili baada ya misa na Jumatatu wanaondoka. Nilimuuliza atarudi lini, akainua mabega. Nikaenda nyumbani. Nilichukia mji ule ambao sikuwahi kuuona, nikamchukia mtu wa lori, nikamchukia hata Masika kidogo kwa kuinua mabega namna ile. Siku mbili sikula vizuri. Mama akanipa dawa ya minyoo.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma, na kwa sababu ya ile dawa waliniamini. Walikwenda misa wote. Familia ya Mama Paluku nayo ilikwenda, isipokuwa mmoja aliyekuwa darini, ambaye sikujua kuwa yuko. Njia yetu ilibaki tupu na jua limesimama. Nikatoa kopo la rangi nyekundu chini ya kitanda cha baba, nikalilegeza kwa petroli kama nilivyomwona akifanya, nikapiga mstari kwa uzi wa makaa, nikaanza.

Niseme ukweli, nilifurahi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilizungusha kila mwisho, nikajaza kila tumbo, na zile herufi zilikaa moja kando ya mwenzake, nene, tulivu, kwenye mbao nyeusi za ukuta wa rafiki yangu. NYUMBA HII HAIUZISHWI. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tano kama baba, nikainamisha kichwa kama baba. Ndani ya nyumba dari ililia mara moja, kisha ikatulia. Nikakimbia.

Mtu wa lori alikuja pamoja nao kutoka kanisani. Alikuwa mtu mzima wa heshima, amevaa koti, anatembea akiongea na Mama Paluku juu ya mvua za Butembo. Niliwatazama kupitia ufa wa uzio. Akasimama, akasoma midomo ikimcheza.

"Mama," akasema, "hii maneno ulikuwa unanificha?"

Mama Paluku aliangalia ukuta kama mtu anayeangalia nyumba ya watu wengine. "Papa, asubui haikukuwa. Mungu anaona, asubui haikukuwa."

Yule bwana akagusa herufi moja, akatazama kidole chake. "Ni kweli, ingali mubichi," akasema. "Ni kusema benye kesi bako karibu. Mama, mi nimezeeka kwa kuingia mu kesi ya batu." Akamwomba radhi, akavua kofia, akaondoka. Hakupaza sauti. Mama Paluku alimfuata mpaka kona akimsihi, mtoto amelala mgongoni, halafu akarudi peke yake.

Hakuingia kwake. Alikuja kwetu moja kwa moja, baba akiwa anakula.

"Papa Furaha," akasema, akimwita kwa jina langu kama siku zote, "hii ni mukono yako. Kila mutu wa hapa anajua ni mukono yako. Juu ya nini umenifanyia hivi?"

Baba alinawa, akatoka naye. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa njiani. Alisimama mbele ya ukuta akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja pale herufi zilipoishia juu, akakirudisha kwake, na kiganja kikamgota mbavuni, mahali mkono wa mtoto unapofika. Ndipo akaitazama S. S yangu ilikuwa na kichwa kikubwa na tumbo dogo. Nilikuwa nimeigeuza bila kujua, na ilielekea kuanguka mbele. Baba akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata mlangoni petu, mikono yangu ikiwa nyuma. Uso wake sijapata kuusahau. Niliogopa atanipiga mbele ya watu, na kumbe alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Ni mimi," akawaambia. "Balinituma ku nyumba ya avenue ya nyuma. Nimekosa nyumba."

Watu walianza kunong'ona. Mmoja alisema mwandishi wa miaka yote hiyo hawezi kukosea nyumba. Mwingine alisema kuna aliyemtuma, na akataja kabila letu. Baba aliwapa mgongo. Alimwomba Mama Paluku waingie ndani waongee, wakaingia, wakakaa kitambo. Alipotoka magoti ya suruali yake yalikuwa na vumbi. Alinikalisha chini, akachukua kitambaa chenye petroli, akaniosha mikono kidole kwa kidole, akafuata na sabuni. Nilisubiri aseme. Alisema tu, "Dimanche ijayo utaenda messe."

Jumatatu kabla jua halijawa kali alikuwa kwenye uwanja wa malori akimtafuta yule bwana. Lori lilikuwa limeondoka alfajiri. Jumanne alikwenda na Mama Paluku kwa shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa, kuandika karatasi kwamba nyumba haina kesi, na shefu akasema arudi Alhamisi, mhuri hauko. Baba alizunguka mji mzima akitafuta lori lingine la kwenda kule, lenye dereva asiyeogopa. Alirudi viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Mama Paluku aliporudi kutoka kwa shefu alilala akageukia ukuta, hakuinuka tena hata kupika.

Kwa hiyo Jumatano nyumbani kwao hapakuwa na maji. Masika hakuweza kubeba bidoni kubwa za maji. Paluku alishuka darini akazichukua mbili.

Nilikuwa kwenye foleni ya robine, bomba la maji la mtaa. Nilishangaa kumwona, nikamwita, naye akaweka kidole mdomoni akatabasamu. Alikuwa amepauka kama mtu aliyetoka hospitali. Gari lilikuja bila haraka, kama lilivyokuja siku zote. Watu wawili walishuka. Hapakuwa na kelele wala risasi. Mmoja alimshika Paluku shingoni kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto kumvusha barabara, akampandisha. Wanawake wote kwenye foleni walitazama chini. Bidoni yake ilikuwa bado chini ya robine, ikajaa, ikamwagika, maji yakatufikia miguuni, na hakuna aliyesogea kufunga robine. Mwishowe niliifunga mimi.

Hajarudi. Sitaandika mengi juu ya kutafutwa kwake, kwa sababu hakuna mengi. Mama Paluku alizunguka kambi na ofisi, akifuata viapo vya watu waliodai wamemwona huku na kule, mpaka miguu ikamwishia. Ile karatasi ya shefu alikwenda kuichukua, akaichana njiani. Nyumba hakuiuza wala hakukubali ukuta ufutwe. Ameishi humo mpaka leo, na Masika yumo naye. Herufi zangu zilifanya kazi ileile niliyozituma. Masika nilimpata kama nilivyotaka, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na hakucheza nami tena hata siku moja.

Na mama yake, fikiria jina lake. Kila aliyemsalimu, kila aliyenunua maharage kwake, alimwita kwa mtoto asiyekuwepo. Mama Paluku, habari ya asubuhi. Nilikuwa nasikia hivyo kitandani nikiziba masikio.

Baba alipoteza kazi yote ya mtaa wetu. Alikwenda kutafuta vibao mbali, mpaka Lac Vert, akatembea kurudi. Aliandika kwa herufi nyembamba, zenye pembe na mikia, ambazo hakuzipenda na hazikumpenda. Kila asubuhi alipopita mbele ya ile nyumba alimsalimu Mama Paluku, naye akageuza uso pembeni. Mama yangu alimwambia aache, anajidhalilisha. Hakuacha. Nilikua, nikasoma, nikakaa ofisini kama alivyosema, na mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie kwamba najua kuwa anajua. Yeye akaanza kuongelea mvua. Tulizeesha kimya hicho mpaka akafa nacho.

Siku ya tatu ya kilio, mchana, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka chini ya hema, Mama Paluku aliingia uani kwetu. Hakuwa amekanyaga pale tangu Jumapili ile. Wanawake walisogeza mikeka kumpa njia. Nilimletea kigoda, akakaa, nami nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kwa sauti ya chini jambo nililolibeba maisha yangu yote.

"Mama Paluku, ile maandishi ya ku nyumba yako. Haikukuwa papa. Ni mimi."

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia, nikaanza kurudia. Akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Papa yako aliniambia siku ileile, mule ndani. Alipiga magoti. Akasema, ni mutoto, hakujua. Na kisha Paluku kuchukuliwa akarudi tena. Akasema, utatafuta mutu wa kuchukia, hauwezi kukosa. Nichukie mimi. Mutoto muache akomae. Nikamuitikia." Alivuta pumzi. "Nilimuchukia muzuri, Furaha. Asubui na mangaribi. Anapita ananisalimia, mi naangalia pembeni, kesho anapita tena. Hakuchoka. Shiye babili, mi na yeye, tulifanya ile kazi myaka yote."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, kama mtu aliyebakiwa na mzigo na aliyemsaidia kubeba ameondoka.

"Leo amekufa," akasema. "Sasa mi nitamuchukia nani?"

Wanawake walio karibu waliinamisha vichwa. Yeye aliendelea kunitazama, akisubiri, na nikaona kwamba alikuwa amekuja kwa ajili ya swali hilo tu.

"Mimi, mama," nikasema.

Kisha akatoa mkono wake begani kwangu, akageuza uso pembeni.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta njiani, nikamsalimu. Alipita. Nimemsalimu kila asubuhi tangu siku hiyo.